Tangi likikauka ndipo la kuogopwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyewafundisha wenzake namna ya kuziba tangi la petroli linalovuja. Alisema mambo mawili. La kwanza, ukiona tangi linadondosha njiani, chukua kipande cha sabuni ya mche, sugua palipotoboka mpaka pazibe, uendelee na safari. La pili, ukishafika mjini mwaga petroli yote, anika tangi juani kutwa nzima likauke, kisha lipeleke kwa mchomeleaji apaguse mara moja tu na kazi imekwisha. La sabuni sina ugomvi nalo. Hilo la mchomeleaji ndilo lililonifanya nitafute kalamu, kwa sababu gazeti lako linasomwa gereji nyingi za hapa Arusha, na kijana akiona jambo limechapwa gazetini anajua limeshapita kwa wakubwa.

Mimi ni fundi rejeta, mtaa wa Unga Limited hapa hapa Arusha. Mtaani wananiita Mama Rejeta na hata wanangu wa kuzaa wamezoea. Kazi nilirithi kwa marehemu baba, enzi za rejeta za shaba, ambazo ukizilehemu vizuri, yaani ukiziunga kwa risasi iliyoyeyushwa, zinaishi kuliko lori lenyewe. Nyingi za siku hizi ni aluminiamu na vichwa vya plastiki, hazipokei lehemu ya risasi, kwa hiyo riziki yangu kubwa sasa ni matangi: ya malori, ya bodaboda, ya jenereta, na mara chache la gari la fahari. Kuna moja la namna hiyo nitalisimulia.

Sabuni kwanza, niimalize. Inaziba kweli, kwa sababu haiyeyuki kwenye petroli. Ukiishindilia inakaa. Adui yake ni maji. Mvua ya masika ikikukuta Makuyuni, au ukipita dimbwi kwa kasi, sabuni inaondoka na tangi linaanza upya. Ni dawa ya kukufikisha nyumbani, basi. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alikuwa akilipaka sabuni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, tabaka juu ya tabaka, na bado akanilalamikia kwamba siku hizi linakula sana mafuta. Sikuwa na jibu la heshima.

Sasa hilo la pili. Petroli ikiwa maji maji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na mvuke wa kutosha kuwaka inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kileleni Kibo huipati, sembuse Unga Limited saa nane mchana. Lakini mchanganyiko una kiasi chake. Mvuke ukiwa chini ya sehemu 1.4 hivi katika kila 100, hauwaki. Ukizidi sehemu 7 na nusu, hauwaki pia, maana hewa imekuwa haba. Ndani ya tangi lenye petroli nyingi mvuke umesongamana kupita kiasi hicho. Simwambii mtu alichomelee likiwa limejaa! Mdomoni na kwenye tundu mvuke huo unakutana na hewa ya nje na moto unapatikana papo hapo. Ila lililojaa litaungua, na lililo tupu litapasuka kwa kishindo na kutupa vipande.

Nilikaa na kijana wangu anayesomea ufundi tukapiga hesabu ya tangi la lita 60. Petroli inayotosha kulitia mvuke wa kulipuka ni kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na mpaka vijiko vitano hivi bado uko ndani ya kiasi cha kulipuka. La pikipiki, la lita 10 au 12, haifiki hata robo ya kijiko. Haya, anika tangi juani kutwa, lipindue, litikise, linuse. Kijiko kimoja cha chai utakiona wapi? Kiko kwenye mkunjo, pale mabati mawili yalipokutanishwa kiwandani. Kiko ndani ya kutu. Kiko kwenye tope lililoganda chini kabisa. Jua halikifikii. Kitakachokitoa mafichoni ni joto la mchomeleaji, tena kitatoka wakati cheche zimeshaanza kuruka na yeye ameinamisha uso juu ya tundu.

Nchi hii haihitaji kukumbushwa petroli ni nini. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 walikufa. Lile lilikuwa lori. Matangi madogo hayaandikwi magazetini, yanaishia kwenye michango ya matibabu tunayopitishiana gereji kwa gereji.

Nije kwenye gari la fahari. Miezi ya baridi iliyopita chalii mmoja wa Tengeru alinijia na Datsun 240Z, rangi ya chungwa iliyopauka, limevutwa kwa kamba nyuma ya pikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili nalo umelitoa wapi?"

"La babu. Lilikuwa stoo ya kahawa tangu sijaanza shule. Nataka Pasaka liwe barabarani."

Akanieleza, kana kwamba sijui, kuwa gari la aina hiyo ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973, mwaka ambao yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu. Nilimwacha aseme. Baba yangu alikuwa shabiki. Alitusimulia mara nyingi jinsi mashindano yale ya Pasaka yalipokuwa yakiingia Tanzania, watu walivyotoka alfajiri kupanga mstari barabarani ili wale vumbi.

Malalamiko yake yalikuwa mawili: chini linadondosha, na ndani linanuka petroli mpaka kichwa kinauma. Alikuwa ametia petroli mpya kujaribu kuliwasha. Fundi wa jirani alishamwambia lishushwe tangi, limwagwe, yeye anawasha gesi. Nilimtumia salamu fundi huyo kwamba anisubiri. Mpaka leo anasubiri.

Gari la spoti liko chini sana, jeki kubwa haiingii, kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu ni kulipeleka juu ya shimo la gereji. Nilikataa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu na zaidi. Unateremka, unatambaa sakafuni, unaingia shimoni na kukaa humo. Fundi anashuka na taa ya waya mkononi, balbu inagonga bomba la ekzosi, inapasuka. Tulilipandisha juu ya magogo ya mbao taratibu, nje uwanjani, tukafungua waya wa betri kabla ya kitu kingine chochote. Mama ntilie wa jirani alinikasirikia nilipomwomba azime jiko lake la mkaa saa tano, wali ukiwa nusu njia. Sufuria lile la wali nililinunua lote, vijana wangu wakala wali mgumu.

Petroli ya chini ilitoka nyeusi, ina harufu ya vanishi. Hapa neno kwa wenye magari ya urithi: nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Gari lililolazwa kabla ya hapo linaweza kuwa na masalia yake kwenye tope la tangi. Vaeni glavu, na ile tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo muiache.

Tangi la gari hili, lita 60, limelala chini ya sakafu ya nyuma, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma. Kila mtu alikuwa anatazama tone lililoning'inia chini. Lakini tone huwa linasafiri. Petroli inatoka mahali pengine, inafuata kiungo, inadondokea inapotaka. Tulipofungua mikanda tukakuta kati yake na tangi kuna utepe wa kuzuia msuguano, na utepe huo umeshika tope na maji miaka yote. Bati pale lilikuwa limekuwa karatasi. Kulikuwa na tundu jingine juu, karibu na ukingo, mahali ambapo matope ya tairi yanarundikana na hakuna anayeosha. Tundu la juu halivuji tangi likiwa nusu. Linavuja ukishajaza na kupandisha mlima, kisha mwenyewe anakuapia kwamba fundi alimwibia.

Sasa kuosha, na hapa ndipo pesa yangu ilipo. Maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia. Maji yakishatoka bila mafuta juu ndipo naingiza konzi ya nati ndogo kukwangua kutu, zinahesabiwa kuingia na kutoka. Sizitangulizi, kwa sababu chuma kwa chuma hutoa cheche, na ndani ya tangi ambalo halijaoshwa sizitaki. Baada ya hapo mvuke wa maji: pipa linachemka nyuma ya ukuta, moto uko kule, mvuke unaletwa kwa mpira mrefu na kuingia tangini kwa saa nyingi, mpaka bati zima lishikike kwa shida na maji yanayodondoka yasiwe na harufu. Kuna mafundi wanaochomeka mpira wa ekzosi ya gari linalonguruma limesimama wakisema moshi unafukuza hewa. Wengine wamefanya hivyo miaka na wako hai. Mimi siwezi kuweka uso wangu mbele ya kitu ambacho sijui kimefukuza kiasi gani.

Kupima matundu nako kuna ujinga wake. Watu wanaleta kompresa. Tangi la gari ni bati pana, bapa. Upande mmoja wa sentimita 40 kwa 60 ukiupa upepo wa msukumo wa baa 1 tu unasukumwa na uzito unaozidi tani mbili, na kompresa ya gereji inatoa baa 8. Litavimba au litapasuka viungo vilivyokuwa vizima. Sisi tunaziba midomo yote, tunapuliza kwa pampu ya baiskeli kidogo kidogo, tunapaka povu. Lile la chalii lilitoa mapovu mahali sita, na yeye alikuja na tundu moja.

Ndipo lehemu. Unakwangua mpaka chuma king'ae, unapaka tindikali ya chumvi iliyolishwa zinki, na zinki yenyewe tunaitoa kwenye magamba ya betri za tochi kama baba alivyonifundisha. Tangi linajazwa maji mpaka vidole viwili chini ya mahali pa kazi, ili nafasi ya hewa ibaki ndogo kabisa, na linageuzwa kila unapohamia tundu jingine. Kichwa cha shaba kinapashwa kwenye mkaa nyuma ya ukuta ule ule na kuletwa mkononi. Ndimi za moto hazifiki kwenye tangi. Palipokuwa karatasi nilikata kiraka kutoka kwenye rejeta chakavu nikakilaza juu, lehemu ikatiririka pembeni ikashika. Lehemu ya risasi ninayotumia inayeyuka kabla ya nyuzi 220, na petroli inahitaji zaidi ya 250 kujiwasha yenyewe bila cheche. Vijana wakisikia hivyo wanasema basi kwa lehemu hakuna haja ya kuosha. Kichwa cha shaba kikitoka kwenye mkaa kimeshapita nyuzi hizo zote mbili. Tunaosha.

Mwisho suuza kwa maji ya magadi kuua tindikali, la sivyo itakula bati kutoka ndani na mteja atarudi na maneno. Magadi tunayo tele mkoa huu, hakuna kisingizio.

Harufu ya ndani haikuwa ya tangi kabisa. Gari hili buti lake halina ukuta, limeungana na viti, na mipira ya kupumulia ya tangi inapita humo nyuma ya urembo wa pembeni. Ilikuwa imekauka na kupasuka. Kuna aliyewahi kuigundua harufu hiyo kabla yetu, na dawa yake ilikuwa kuziba kitundu cha kupumulia. Tangi lazima lipumue. Ukitoka Moshi, mita 800 na ushee, ukapanda mpaka Arusha, mita 1,400, hewa ya nje inapungua uzito na tangi linataka kutoa pumzi. Usiku wa baridi linataka kuvuta. Ukiliziba, hewa haiingii kushika nafasi ya petroli inayotoka, pampu inavuta na petroli haiji, gari linazimika mlimani na unabadilisha kabureta bure. Na pumzi hiyo hiyo ya usiku ndiyo inayoleta unyevu, unaganda kuwa matone kwenye bati lisilofunikwa na mafuta, na kutu inaanzia ndani. Gari la kulaza muda mrefu lisilazwe na robo tangi.

Tukaweka mipira mipya, ya petroli, maana ule wa maji unaouzwa kwa mita unalegea na kuvimba ukikutana na petroli, na filta kabla ya pampu kwa ajili ya kutu itakayoendelea kujitoa.

Ataniuliza mtu kuhusu gundi za chuma, zile tyubu mbili za kuchanganya. Ni nzuri kwa tundu la sindano kwenye bati pana, pakavu, pamesuguliwa kwa msasa. Kwenye kiungo zinapasuka kwa mtikisiko. Kwenye tangi linaloendelea kudondosha hazishiki kabisa, hata muuza spea akuapie. Dawa ya kumimina ndani ya kutengeneza ngozi mpya nayo inafaa, mradi ndani pameoshwa kikweli. Ikimiminwa juu ya mafuta inabanduka vipande vipande na kuziba kila kitu mbele yake. Tangi la plastiki silipokei.

Najua kwa nini watu wanakwenda kwa mchomeleaji. Yeye anatoza bei ya soda kadhaa na anamaliza ukiwa umesimama. Mimi nalala na tangi lako siku mbili tatu, na bei yangu inakufanya uangalie pembeni. Chalii wa Tengeru alilia bei, nikampunguzia kidogo kwa ajili ya babu yake na Herrmann. Mwenye bodaboda ambaye kila siku bila pikipiki ni siku bila hesabu ya tajiri, huyo nampa kipaumbele, na akija asubuhi tangi lake dogo linaweza kutoka kesho yake. Lakini lile lisilooshwa silipigi lehemu hata akilipa mara mbili, na ningeomba mafundi wenzangu na wachomeleaji wa mtaa mzima tukubaliane hivyo, ili mteja asipate pa kukimbilia.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba barua hii uiweke ukurasa ule ule ilipotoka ile ya kwanza, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Na msomaji wako, kama bado tangi lake liko uani linaanikwa, alijaze maji leo hii mpaka mdomoni, aliache hivyo hivyo hadi atakapopata usafiri wa kulileta. Akipita gereji ya jirani, aseme ametumwa na mimi, watamwelekeza.

Mama Rejeta,
Unga Limited,
Arusha.